Kitambaa cha Miraba Tisa

Jumapili, saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, kengele ya misa ya kwanza haijapigwa, Afande alilinyanyua Sanduku la Sauti akakuta ni jepesi. Jana yake alasiri lilikuwa limejaa hadi karatasi zinakwama mdomoni. Sasa alilitikisa sikioni kama mtu anayepima yai viza, halafu akalitikisa tena, maana habari mbaya watu hupenda kuisikia mara mbili. Halikutoa hata mchakacho.

"Mtu asiguse kitu," alisema, ingawa kanisa zima lilikuwa na watu wawili tu, yeye na Babu Filimbi, mlinzi, aliyekuwa akifungua madirisha.

Afande alikuwa mpelelezi mstaafu. Miaka thelathini na mmoja aliitumia kuwasaka wezi, na alipostaafu, Paroko alimpa uenyekiti wa Kamati ya Haki na Amani kwa sababu, alisema, haki inahitaji mtu mwenye jicho. Jicho analo, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kulisifia. Akatoa daftari mfukoni akaandika alichokiona.

Moja: sanduku halikuvunjwa. Kofuli limefunguliwa kwa ufunguo na kufungwa tena. Mbili: nta aliyomwaga juu ya kofuli kwa mkono wake, jana saa tisa alasiri, imebanduliwa. Lakini chengachenga zake hazikuwa sakafuni. Zote zilikuwa zimeokotwa zikawekwa kwenye kisahani cha mishumaa, na sakafu chini ya sanduku ilikuwa safi kuliko sakafu nyingine ya kanisa. Tatu: kile kitambaa cha kijani kilichofunika sanduku kilikuwa kwenye ncha ya benchi, kimekunjwa vizuri, kidogo kama kitabu cha sala. Alikikunjua akahesabu alama za mikunjo. Miraba tisa, sawasawa.

"Huyu ni mzoefu," alijisemea. "Kafuta nyayo zote, na hakuwa na haraka." Akakikunja kitambaa kwa mistari yake ileile, akakitia mfukoni.

Ili ujue uzito wa jambo lenyewe, sanduku hili halikuwa la sadaka. Kwa wiki sita Afande alikuwa amewafundisha waumini mafundisho ya jamii ya Kanisa: utu wa mtu, heshima ya kazi, haki ya mfanyakazi kupumzika, mnyonge kutangulizwa. Alhamisi alifundisha sebuleni kwake, wakuu wa jumuiya wamejaa kwenye makochi, chai inamiminwa bila kukatika, na ukutani bango alilolichora mwenyewe: ONA, AMUA, TENDA. Hatua ya kuona ndiyo ilikuwa sanduku. Kila mfanyakazi wa parokia, awe fundi, mpishi au mfagiaji, aandike bila jina kinachomuumiza kazini. Karatasi Afande alizikata mwenyewe kutoka daftari moja, zote saizi moja, zikunjwe mara nne zote, ili mtu asitambulike. Leo saa sita mchana, baada ya misa ya pili, barua zilikuwa zisomwe mbele ya waumini wote.

Paroko alifika na kanzu yake mkononi. Alilitazama sanduku kwa muda.

"Funguo ni mbili," alisema. "Mmoja huu hapa shingoni mwangu, hata kuoga naoga nao. Wako uko wapi?"

"Kwangu, kwenye msumari jikoni. Nimetoka kuuona sasa hivi. Na pale nyumbani tupo wawili tu, Paroko, mimi na Mwalimu. Na Mwalimu unamjua, hawezi kuiba hata usingizi wa mchana."

Paroko alitabasamu kidogo. Mwalimu, mke wa Afande, alifundisha shule ya msingi hadi akastaafu, na sasa aliongoza kikundi cha akina mama wanaotunza altare. Mtu wa kumshuku huyo hakuwa amezaliwa.

Saa moja na nusu, misa ya kwanza ilipokwisha, habari zilikuwa zimeshafika hadi kwa wauza mboga ng'ambo ya barabara. Mjumbe wa Halmashauri ya Walei, ambaye wote walimwita Mkandarasi kwa kuwa ndiye aliyekuwa akijenga ukumbi mpya wa parokia, aliingia chumba cha kwaya bila kubisha.

"Kuna la kuchunguza hapa?" aliuliza. "Kanisa lina mlinzi. Kitu kimeibwa ndani ya kanisa. Mlinzi aende nyumbani kwake leo hii, saa sita, mbele ya watu. Kikulacho ki nguoni mwako, Afande. Wewe ndiye ungetufundisha."

Wajumbe wengine walitikisa vichwa kukubali. Babu Filimbi akaitwa. Alikuwa mzee mwembamba, filimbi yake ya shaba ikining'inia kifuani, na jina alipewa na watoto wa katekisimu kwa sababu aliipuliza hata kwa kuku. Alisimama. Hakuna aliyempa kiti, na Afande, wacha tuseme ukweli, hakuona kwamba kiti kilihitajika.

"Jana kanisa ulilifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni, Afande."

"Nilipiga nta saa tisa. Kwa hiyo mwizi kaingia kati ya saa tisa na saa kumi na mbili. Wewe ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Mwanakwaya mmoja kakuona saa kumi na moja ukitoka uani na mfuko mweusi wa plastiki, umeukumbatia. Mfukoni mlikuwa na nini?"

Mzee alitazama viatu vyake. "Vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Vyangu tu, Afande."

"Mzee, mimi nimehoji majambazi. Mfuko ulikuwa na nini?"

Babu Filimbi akarudi kutazama viatu vyake. Jasho lilimtoka puani. Mkandarasi akapiga kofi moja mezani na kusema kwisha kazi, ameshajitaja mwenyewe. Wakakubaliana kwamba saa sita atafukuzwa mbele ya mkutano, ila Afande aliomba apewe saa hizo zilizobaki. Si kwa huruma, la. Kesi yenye mshukiwa mmoja ilimkera tu kama mchuzi usio na chumvi.

Alimkuta mzee nyuma ya kanisa, penye bomba, amekaa juu ya tofali.

"Babu, hapa tuko wawili. Niambie."

"Nikikuambia utacheka."

"Sitacheka."

"Zilikuwa nguo." Mzee alilivuta shati la kazi lililomkaa vibaya. "Sare ninayo moja. Kwetu bomba halitoi maji mwezi wa pili sasa. Mkandarasi kapiga marufuku maji ya kanisa, anasema ni ya ujenzi. Nilifua hapa kwa kujiiba, nikakaa na fulana nyuma ya ukuta huu, nikazipeleka nyumbani mbichi kwenye mfuko, nikarudi kufunga kanisa. Ningesema pale mbele za watu kwamba mlinzi wa kanisa kakaa nusu uchi kwenye ua wa Mungu? Mimi nina wajukuu, Afande."

Afande aliigusa kola ya shati. Bado ilikuwa na unyevu kwenye mshono. Akajisikia vibaya kidogo, lakini mpelelezi akishajisikia vibaya hukimbilia swali linalofuata.

"Ukiwa hapa ulikuwa unauona mlango wa ubavuni. Nani aliingia?"

"Watu wa kitubio kuanzia saa kumi. Kwaya. Mkandarasi naye. Maua yaliletwa, vitambaa vya altare vililetwa kama kila Jumamosi. Mtu mgeni hakuingia, naapa."

Mkandarasi. Afande alirudi akipiga mstari chini ya jina hilo. Vibarua wake wanabeba zege bila mabuti wala glovu, mmoja ana mwezi sasa anatembea na kidole kilichofungwa kitambaa, na barua zao zilikuwa mle sandukuni bila shaka. Nani mwenye sababu kubwa zaidi? Na mbona alikuwa na haraka ya kumtoa mlinzi kafara? Saa mbili na nusu alimfuata kwenye ukumbi unaojengwa, kati ya mirunda.

"Jana kanisani ulifuata nini?"

"Kuungama. Ni kosa?"

"Kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Afande, unanihoji mimi?"

"Nakuhoji wewe."

Mkandarasi alivimba, kisha akanywea. "Kaulize waliokuwa foleni."

Afande alikwenda kuuliza. Akina mama watatu wa kwaya walimjibu kwa pamoja, kwa hasira iliyokuwa haijapoa. Mkandarasi alifika wa kwanza, saa kumi kamili alikuwa amepiga magoti, na hakunyanyuka hadi saa kumi na moja na dakika tano Paroko alipotazama saa. Sanduku liko nyuma kabisa, kitubio kiko mbele.

"Saa nzima!" alisema mmoja. "Sisi wengine tumerudi nyumbani na dhambi zetu vilevile."

"Na baada ya hapo?"

"Tukatoka naye mpaka barabarani. Tulitaka tumwone usoni."

Kwa hiyo Mkandarasi alikuwa na dhambi nyingi, ila hii haikuwemo. Misa ya pili ilianza saa tatu. Afande aliingia akakaa benchi la tatu kando ya Mwalimu, daftari gotini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakusikia hata neno moja la mahubiri. Saa sita mzee wa watu atafukuzwa kazi kwa kosa la kufua shati.

Ukafika wakati wa matoleo. Paroko alisogea altareni, akachukua korporale, kile kitambaa cheupe kinachotandikwa chini ya kalisi, kikombe cha divai, akaanza kukikunjua. Mkunjo mmoja kulia, mmoja kushoto, kisha juu, kisha chini. Kitambaa kikalala altareni kikiwa na mistari ya pasi iliyokigawa vizuri. Afande alihesabu bila kutaka. Miraba tisa.

Aliutia mkono mfukoni akakigusa kile cha kijani.

Korporale haikunjwi kama leso. Hukunjwa mara tatu kwa mara tatu, uso ukiwa ndani, ili chembe ya hostia, mkate wa komunyo, ikibaki isidondoke. Mtu wa kawaida akivua kitambaa juu ya sanduku atakitupa, au atakikunja mara mbili na mara mbili tena. Aliyekikunja hiki hakufikiri. Mikono ndiyo ilijikunjia, kwa mazoea ya miaka. Na sakafu iliyofagiwa, na chenga za nta zilizowekwa kwenye kisahani! Hakuna aliyekuwa anafuta nyayo. Mtu alisafisha tu kwa sababu hajui kuacha mahali pachafu. Katika parokia yote, vitambaa vya altare vilioshwa na kukunjwa kwenye nyumba moja tu, ya kwake. Na kwenye nyumba hiyohiyo, ufunguo wa sanduku ulining'inia msumarini.

Alimtazama mke wake kwa pembe ya jicho. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa, akisali kwa utulivu wa mtu asiye na deni na yeyote. Afande alihisi aibu ikimpanda kutoka magotini. Aliona sura ya Paroko, aliona Mkandarasi akicheka, akasikia kinywa chake mwenyewe asubuhi kikitangaza kwamba mke wake hawezi kuiba hata usingizi.

Saa nne na nusu, watu wakitoka, alimvuta hadi veranda ya sakristia, chumba cha mavazi ya padre.

"Mke wangu, nikuulize kitu, na usinifiche. Jana saa kumi ulipoleta vitambaa..."

"Mimi?" Mwalimu alishangaa. "Jana saa kumi nilikuwa kwenye kikao cha kikundi. Umesahau? Ulinisindikiza mwenyewe."

Afande alisita. Ni kweli, alimsindikiza. "Basi vitambaa vililetwaje?"

"Si vililetwa tu."

Afande aliingia sakristia akarudi na korporale safi, akaikunjua yote. "Hebu ikunje."

"Sasa hivi?"

"Ikunje, tafadhali."

Mwalimu aliichukua. Aliikunja mara mbili, akasita, akaifungua. Akajaribu kutoka upande mwingine, kitambaa kikatoka pembe kama sambusa. Alicheka, halafu cheko likamwishia taratibu, kwa kuwa aliona uso wa mume wake. "Baba, mimi kikapu nakipokea hapa kanisani na kukipeleka nyumbani. Kufua, wanga, pasi, kukunja, kurudisha... ulidhani nani anafanya? Miaka kumi na moja hii."

Hakumtaja, na Afande hakuhitaji atajwe. Alisimama pale akiisikia sentensi yake ya asubuhi ikimrudia, neno kwa neno: pale nyumbani tupo wawili tu. Nyani haoni kundule, na huyu nyani alikuwa na cheti cha upelelezi.

Walitembea hadi nyumbani. Ilikuwa saa tano na dakika kumi. Dada alikuwa jikoni akimenya viazi. Alikuwa mfanyakazi wao wa nyumbani, mwanamke wa miaka arobaini, mpana wa mabega, aliyelea watoto wao watatu hadi wakaolewa na kuoa. Watoto ndio waliomwita Dada, nyumba nzima ikafuata. Juu ya kichwa chake, kwenye msumari, ufunguo wa sanduku ulikuwa ukining'inia.

Afande alizoea kuanza mahojiano akiwa amesimama na mtuhumiwa amekaa. Leo alivuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye. Alitoa kitambaa cha kijani akakiweka juu ya meza, kikiwa kimekunjwa.

Dada alikitazama. Kisu kikasimama.

"Nilikikunja?" aliuliza. "Ee Mungu wangu. Hata sikumbuki."

"Barua ziko wapi, Dada?"

"Chini ya godoro langu. Zote zipo isipokuwa yangu, na ya mwenzangu sijasoma hata moja. Nilikuwa nataka yangu tu, lakini karatasi zote zinafanana, na watu walikuwa wanaingia. Nikazoa zote kwenye kikapu nikaweka khanga yangu juu. Nilisema nikishapata yangu nitazirudisha leo asubuhi. Nikaamka, chai, kifungua kinywa, maji ya kuoga, mkawa mmeshatangulia."

"Mbona hukuniambia uliandika?"

"Si ulisema bila jina, Baba?"

"Basi kwa nini uliiondoa?"

Dada alifuta mikono kwenye aproni. Alimtazama Mwalimu, kisha Afande, na sauti yake haikuwa na hasira, jambo lililomuumiza Afande zaidi.

"Alhamisi, wageni walipokuwa hapa. Mkandarasi alikuuliza, je, watu wakiandika uongo? Ukacheka. Ukasema miaka thelathini na mmoja umesoma miandiko, ukiona karatasi moja tu utajua ni ya nani. Watu wote wakacheka. Mimi nilikuwa nyuma yako na birika. Nikaimwaga chai kwenye kisosi chako. Ukaniambia, Dada, angalia unachofanya."

Afande alikumbuka kisosi. Alikumbuka na cheko pia, lilikuwa la kwake, kubwa kuliko yote.

"Orodha ya sokoni naiandika mimi kila wiki," Dada aliendelea. "Mwandiko wangu unaujua. Nikasema basi, Jumapili ikifika ndiyo mwisho wangu hapa, nitaanzia wapi na umri huu? Nikachukua ufunguo. Mlinzi aliniona nikiingia na kikapu akanipungia mkono tu. Mimi mkiniona na kikapu, hamnioni."

"Yako iko wapi?"

"Nimeiwashia mkaa asubuhi. Wa chai yenu."

Mwalimu aliketi kwenye gunia la mchele.

"Ilisemaje?" Afande aliuliza.

Dada aliinama. Aliokota ganda la kiazi sakafuni akalitia kwenye ndoo.

"Ilikuwa fupi. Niliandika kwamba naosha vitambaa vya altare kila wiki, lakini misa sijawahi kuimaliza. Nikishapokea komunyo tu natoka mbio, ili mkirudi mkute chai mezani. Baraka ya mwisho naisikia kwa spika nikiwa barabarani. Nikaandika, naomba Jumapili moja kwa mwezi. Moja tu. Sikuandika nyumba ya nani."

Afande alikuwa amezungumza saa mbili nzima juu ya haki ya kupumzika, kwenye sebule ile, na aliyekuwa amesimama saa hizo mbili alikuwa mmoja. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Aliinamisha uso akaona mikono ya Dada, imechubuka kwa sabuni na magadi, na akaona haya hata kuitazama.

"Dada, nimekukosea. Siyo jana. Miaka yote."

Dada alichukua kiazi kingine. Mwalimu ndiye aliyesema, kwa haraka, kwamba barua zirudishwe kimyakimya na yaishe, ni mambo ya ndani ya nyumba, mficha uchi hazai lakini hata anayeuanika sokoni...

"Saa sita Babu Filimbi anafukuzwa kazi," Afande alimkata. "Wanasema ni yeye."

Dada alisimama. "Nani kasema?" Alikuwa hajui. Aliivua aproni akaitundika msumarini, juu ya ufunguo. "Mzee wa watu! Twende. Nitasema mimi."

"Nitasema mimi," Afande alisema. "Ukiniruhusu."

Dada alimpima kwa macho, kama anavyopima nyama ya mchinjaji asiyemwamini. "Sema yako, Baba. Yangu nitasema mwenyewe siku nikitaka."

"Watakisia."

"Wakisie. Afadhali hivyo kuliko mzee kupoteza mkate wake." Kisha akageuka. "Na viazi?"

"Viazi vina mwenyewe," Mwalimu alisema, akachukua kisu. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Nendeni."

Saa sita kamili kanisa lilikuwa limejaa. Mkandarasi alisimama mbele, Babu Filimbi pembeni yake, filimbi imevuliwa na kuwekwa mezani. Afande aliingia na barua zote kwenye kikapu cha vitambaa, akaziweka kando ya filimbi. Minong'ono ilienea.

"Barua hizi hapa," alisema. "Hazijasomwa na mtu. Imekosekana moja. Mlinzi hakuzigusa. Jana saa kumi na moja mfuko wake ulikuwa na vitu vyake halali, na anayetaka kujua ni vitu gani aanze kwa kuniambia yeye mwenyewe mfukoni ana nini."

"Basi mwizi nani?" Mkandarasi aliuliza. "Mtaje! Tunataka jina!"

"Jina langu mnalijua wote."

Afande alikuwa ameyaandika maneno kwenye daftari, lakini herufi zilimcheza machoni, akalifunga.

"Aliyechukua barua alichukua kwa kuniogopa mimi. Aliandika kitu kidogo, cha haki kabisa, nikajigamba mbele yake kwamba nitautambua mwandiko. Niliweka sanduku ili wanyonge waseme, halafu nikawatisha kwa mzaha. Na alichokiomba, alikiomba kwangu. Kwenye nyumba yangu. Nimewafundisha wiki sita muone, nami kuna mtu sijamwona miaka yote hii. Asubuhi nilimwambia Paroko kwamba nyumbani tuko wawili tu. Tuko watatu." Akalitia daftari mfukoni. "Naona aibu. Sina neno zuri zaidi ya hilo. Uenyekiti naurudisha leo."

Hakuna aliyepiga makofi, na ilikuwa vizuri. Akina mama wa kikundi cha altare walitazama magoti yao, na mmoja mmoja wakaanza kutazama nyuma, sio kumtafuta mtu, bali kana kwamba wamekumbuka kitu walichokiacha jikoni. Mkandarasi aliketi. Barua ya kwanza aliyoifungua Paroko ilihusu mabuti.

Babu Filimbi alikuwa bado amesimama.

"Afande," alisema, na sauti yake ya uzee ilifika hadi mlangoni. "Umenisafisha, asante. Lakini asubuhi ulinihoji mbele za watu kama kibaka, na radhi hukuniomba."

Afande alimgeukia mbele ya wote. "Nisamehe, Mzee."

"Sasa nimesikia." Akaichukua filimbi yake mezani, akaivaa, akatafuta kiti mwenyewe.

Paroko alimaliza barua zote, hata zile zilizomtaja yeye, kisha akawasimamisha watu awabariki kabla ya kutawanyika. Benchi la mwisho, karibu na mlango, Dada alisimama na wengine. Kwa mazoea alikuwa amekaa ukingoni, mguu mmoja nje tayari. Aliuvuta ndani. Baraka ilipokwisha hakurudi nyumbani. Alifuatana na wanawake wa jumuiya yake, ambao walikuwa wakikutana Jumapili mchana tangu jumuiya ianzishwe, na ambao walikuwa hawajamwona hata siku moja.

Nyumbani walikula viazi vilivyoungua. Afande alisema ni vitamu, Mwalimu akamwambia asiongeze uongo juu ya mengine. Saa kumi kasoro robo Afande alikibeba kikapu hadi uani, akafua vitambaa vya altare kwa mikono yake. Alizidisha wanga, akaunguza kimoja kwa pasi. Halafu alikaa kwenye ngazi ya jikoni kukunja. Mara ya kwanza alipata miraba minane. Mara ya pili ikatoka kumi na mbili, mingine mikubwa mingine midogo. Mara ya sita alikata tamaa, akabaki amekishika tu.

Saa kumi na moja na nusu geti liligongwa. Dada aliingia amevaa kitenge kizuri ambacho Afande hakuwahi kukiona. Alisimama juu yake, akakitazama kile kitambaa kwa muda mrefu. Mikono yake ilisogea kidogo, kwa mazoea.

"Nimejaribu," Afande alisema. "Hakikunjiki. Nionyeshe tu, Dada, mara moja."

Dada aliirudisha mikono yake, akaifumbata mbele ya kitenge.

"Leo ni Jumapili, Baba," alisema. "Nitakuonyesha kesho."